Upande wa Mbuzi, Upande wa Ndevu

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na tangu hapo nilichoandika zaidi ni daftari langu la jioni, ambamo naweka mvua imenyesha, kuku katotoa, nani kagombana na nani. Jambo hili la mgeni wetu nimelisikia likisimuliwa hapa kijijini kwa namna nyingi, na kila namna inampa ushindi yule anayesimulia. Ndiyo maana nimeona niliandike lote. Sina hakika kama nitaweza kutompendelea mtu. Nikiteleza, basi nitateleza kuelekea upande wangu, na upande wangu nitautaja mapema ili msomaji anipime.

Kijiji chetu kiko mbele ya Songwa, ukishavipa mgongo vilima vya kifusi vya mgodi wa almasi. Mgeni alikuja wakati wa palizi, kijana kutoka nchi ya mbali yenye baridi, akapewa chumba kwetu kwa sababu watoto wetu wakubwa wameshaondoka na chumba kilikuwa kimejaa magunia tu. Kazi yake ilikuwa kujitolea. Neno hilo lilimsumbua mume wangu kwa siku kadhaa, mpaka akaniuliza, mgeni mwenyewe akiwa amekaa palepale.

"Kwao hakuna watoto?"

"Wapo, nadhani."

"Hawana shida?"

"Mwulize."

Akamwuliza. Mgeni akaweka tonge chini, akafikiri sana, akasema watoto kwao wapo na shida wanazo, ila yeye alitaka pia kujifunza maisha ya watu wengine.

"Basi umekuja shule," mume wangu akasema. "Ungesema hivyo tangu mwanzo. Ongeza mboga."

Kiswahili alikijua. Kisukuma alikuwa anaokota. Asubuhi alipita njiani akimpa kila mtu salamu yetu ya asubuhi, "mwangaluka," mpaka mbuzi. Na alikuwa na ndevu. Sijui niziandike vipi ili zieleweke. Zilikuwa nyingi, nyekundu kama udongo wa kichuguu, zikianzia masikioni na kumalizikia kwenye kifungo cha pili cha shati. Watoto walimwomba wazishike. Watu wazima hawakuomba, ila waliongea. Mama mkwe wangu, ambaye haoni vizuri lakini zile aliziona, alisema huyu kijana hana kidevu, ndiyo maana kaficha. Jirani akasema kidevu lazima kiwepo, kwani chakula anatafunia nini? Jambo hilo lilibaki bila jibu, maana mgeni alisema hajanyoa tangu amalize chuo, na hata mama yake alishamwomba akashindwa.

Alasiri aliwafundisha watoto kwenye ukumbi wa vijana, jirani na nyumba yetu. Kwanza kusoma hadithi, kisha michezo. Michezo yake ilikuwa ya kwake. Kwa mfano, watoto wote walishika shuka kubwa pembeni, mpira ukawekwa katikati, wakaurusha juu pamoja ili usianguke chini. Siku ya kwanza mchezo ulipokwisha, mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, nani kashinda?"

"Wote mmeshinda!"

Watoto wakaangaliana.

"Tumemshinda nani?"

Lazima niseme pia kwamba wapo walioupenda mchezo ule. Kulikuwa na binti mmoja mdogo wa darasa la tatu, mzito wa kusoma na mzito wa kukimbia, ambaye kila mchezo mwingine alikuwa wa mwisho. Kwenye shuka lile alicheka mpaka akakohoa. Hilo nililiona kwa macho yangu, na yeyote anayesema michezo ya mgeni haikuwa na maana simkubalii.

Kisha pamba ikavunwa, mtama ukaingia ghalani, na ngoma zikaanza.

Hapa ndipo nataja upande wangu. Huku kwetu kwenye ngoma kuna pande mbili, Bagika na Bagalu. Mimi ni Mgika. Mume wangu ni Mgalu. Tumezaa na kujenga pamoja, lakini msimu wa ngoma tunaishi kama wapangaji wawili. Mashindano yetu hayana mwamuzi. Pande mbili zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hii huku na ile kule, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Aliyejaza watu kashinda. Ngoma yako ikipoa, watu wanakimbilia kwa mwenzako, unabaki unamchezea mama yako mzazi. Kwa hiyo kila kiongozi anatafuta kitu cha kuwarudisha watu. Wengine huleta nyoka, wengine nungunungu. Nimewahi kuona mtu akipika ugali na kuula wote katikati ya uwanja huku anacheza, na watu walimiminika.

Watoto nao wana pande zao, kama wazazi. Ngoma zilipoanza, wakaacha kwenda ukumbini. Hawakuaga wala hawakugombana na mtu. Alasiri mgeni aliketi na vitabu vyake, na popo darini.

Siku moja alinikuta nimeanika viazi, akachuchumaa karibu yangu. Alisema msimamizi wake, dada mmoja wa ofisi yao ya Kahama, amepiga simu. Amesikia watoto hawaji. Jumamosi atakuja kujionea, na akikuta hakuna watoto atamwondoa mgeni na kumpeleka Kahama akae ofisini, apange ripoti.

"Mama, mimi sikuja kupanga ripoti. Nikiondolewa hapa nitakuwa nimeshindwa."

Ndiyo mara ya kwanza kusikia neno hilo kinywani mwake.

Nikamwambia, "Waite watoto waje kumchezea mgeni wako ngoma Jumamosi. Kwa ngoma watakuja, hata wakiwa wanaumwa."

Akafurahi, akanishukuru, kisha akaniambia alivyopanga. Upande mmoja utacheza, watu wote wamekaa kwenye mabenchi. Ukimaliza, watapiga makofi. Kisha upande wa pili utacheza, nao watapigiwa makofi yaleyale.

"Mwanangu," nikamwambia, "ngoma haichezwi zamu kwa zamu. Kila mmoja atakuwa anacheza dhidi ya nani?"

"Lakini wakicheza pamoja, wengine wataachwa bila watu. Wataumia."

"Ndiyo. Ndivyo inavyokuwa."

Alinitazama kwa huruma, mimi na kijiji kizima. Na sikuweza kumbishia sana, maana niliwahi kuachwa nikiwa msichana, na nilirudi nyumbani kupitia mashambani ili nisikutane na mtu. Labda alikuwa na haki. Hata leo sijui.

Wiki hiyo watoto walifanya mazoezi. Upande wa Bagika uliongozwa na binti wa darasa la sita, mwembamba, filimbi shingoni, anayeongea kama askari wa usalama barabarani. Upande wa Bagalu ulifanya mazoezi nyuma ya zizi letu. Mume wangu alikuwa anakwenda huko kila alasiri "kuangalia ng'ombe." Ng'ombe wakati huo walikuwa malishoni.

Jumamosi dada wa ofisini akafika. Viatu virefu, miwani, Kiswahili cha barua. Alisalimia wazee vizuri, hilo siwezi kumnyima, kisha akaketi benchi la mbele na simu yake kubwa ya kuandikia. Kijiji chote kikaketi nyuma yake kwa mistari, kama mgeni alivyotupanga.

Bagika wakaanza. Watoto walijua kucheza, sikatai. Lakini sisi tulikuwa tumekaa! Nimeona misiba iliyochangamka zaidi. Yule binti alipuliza filimbi, akarusha mabega, kisha akageuza shingo kutazama upande wa pili wa uwanja, ambako hakukuwa na mtu. Wimbo ulipokwisha, mgeni akasimama akapiga makofi, nasi tukapiga. Dada wa ofisini akaandika kitu. Kilikuwa kifupi. Mgeni alikiona kuwa kifupi, na masikio yake yakawa rangi ya ndevu.

Wakaanza wimbo wa pili. Hapo ndipo ngoma ilipolia nyuma ya ukumbi.

Mume wangu anaapa hakuwaamuru Bagalu waanze kabla ya zamu yao. Anasema mikono ya watoto ilichoka kusubiri. Nayaandika kama alivyoyasema.

Walioanza kuondoka ni watoto wadogo. Wakafuata mama zao, kuwarudisha. Wakafuata wazee, kuwarudisha hao mama. Mabenchi yakawa na mapengo kama kinywa cha mzee. Dada wa ofisini alibaki amekaa wima, lakini mguu wake ulikuwa umeanza. Niliuona. Kwanza kidole, kisha kisigino.

"Samahani," akamwambia mgeni, "hiyo inayopigwa si ya Bagalu?"

Mgeni akasema hajui.

"Ni ya Bagalu! Babu yangu alikuwa anapiga hiyo!"

Akavua viatu, akavishika mkononi, akakimbia. Kumbe mtoto wa Maswa, Msukuma mwenzetu.

Tukabaki mgeni, wachezaji wa Bagika, mimi, na mama mkwe wangu ambaye kusimama kwake ni safari. Binti wa filimbi akamjia mgeni.

"Mwalimu, tunaachwa!"

"Tusubiri wamalize, kisha..."

"Wakimaliza sisi tumekufa! Na yule dada wako yuko kule. Si ataandika sisi hatukuwepo? Wewe si utapelekwa Kahama?"

Watoto wanajua kila kitu. Mgeni akatazama mabenchi, akatazama kona ya ukumbi ambako vigelegele vilikuwa vinapanda.

"Tufanye nini?"

Binti akamtazama usoni. Akatazama chini ya uso.

"Tunyoe."

"Tunyoe nini?"

"Ndevu. Hapa katikati. Kwa ngoma."

Mgeni akazishika kama mtu anavyoshika mfuko wake mnadani. Akanigeukia mimi. Sikusema kitu, kwa sababu nilitaka kutenda haki kwa pande zote. Ila nakiri nilikuwa nimeshasimama, na mkasi wangu wa kushonea ulikuwa mlangoni tu.

Nilipopumua tena, mgeni alikuwa juu ya kigoda katikati ya uwanja, kanga yangu shingoni, ngoma inamzunguka, na binti anaimba wimbo aliokuwa anautunga papo hapo:

"Kidevu kipo, kidevu hakipo! Njooni muone wenyewe!"

Lakini aliyewaita watu hasa ni mama mkwe wangu. Ni Mgalu wa damu, na bado alipaza sauti ambayo sikujua kama bado anayo: "Ananyolewa! Jamani, mgeni ananyolewa!" Baadaye mwanawe alimlaumu. Akajibu kwamba yeye ni mzee na ana haki ya kukiona kidevu kile kabla hajafa.

Watu walirudi kama dengu zilizomwagwa. Dada wa ofisini alikuwa mbele, viatu bado mkononi, anapiga picha kwa mkono mwingine.

"Anza kushoto!" wakanipigia kelele.

"Kushoto kwake au kwetu?"

"Anza popote, mama, tunazeeka!"

Nikakata. Kila fungu likianguka, filimbi inalia na watu wanasema "eeeh!" Watoto waliokota zile nywele wakajipachika midomoni wakacheza hivyo. Nikasugua sabuni, nikachukua wembe mpya, nikanyoa shavu la kushoto likawa jeupe kama kiazi kilichomenywa. Watu walikuwa wamenyoosha shingo. Nilikuwa nakaribia kidevu. Nilikuwa, Mungu anisamehe, nimesahau kabisa habari ya haki.

Ndipo mtu akacheka nyuma. Kisha wengi wakacheka. Nikainua macho, na watu walikuwa wamenipa mgongo.

Kwenye kona ya ukumbi alikuwa ametokea beberu wetu. Amevaa kitenge. Kichwani kilemba, pembe zimetoka pembeni. Anatembezwa kwa miguu miwili ya nyuma, na anayemshika miguu ya mbele, anayecheza naye bega kwa bega kama bwana harusi, ni mume wangu, ambaye siku zote zile hakuwa akifundisha mtu bali mbuzi. Na kitenge kile kilikuwa sare yangu ya akina mama wa kanisani.

Watu wakakimbia. Dada wa ofisini akakimbia. Mimi nikapiga hatua.

"Mama," mgeni akasema, "usiende."

"Sare yangu, mwanangu."

"Mama. Nusu."

Nikamtazama. Kweli alikuwa nusu. Upande mmoja kijana wa watu, upande mwingine kichuguu. Nikarudi nikamalizia, kwa haraka lakini bila kumkata, na kwa hilo sikubali kulaumiwa na mtu. Kidevu kilikuwepo. Kidogo, chenye kishimo katikati, kama cha mtoto. Mama mkwe alikigusa kwa kidole, akasema, "Kumbe ni cha kawaida," akarudi kukaa.

Binti wa filimbi hakutaka kusubiri watu warudi. Alimshika mgeni mkono, akamtembeza kuzunguka ukumbi mpaka kwenye uwanja wa wenzake, ngoma nyuma yao. Mume wangu anasema huko ni kuiba: kivutio hakihamishwi. Mimi nasema hakuna aliyewahi kuweka sheria hiyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuhamisha kidevu. Kilichotokea ni kwamba ngoma mbili zilichanganyika, pande mbili zikawa duara moja, mgeni na beberu katikati, na mtu hakujua tena anashangilia nini. Beberu akala kilemba.

Ngoma zilipokwisha, kila upande ukadai ushindi. Dada wa ofisini alivaa viatu, na pamoja na viatu ikarudi ile sauti ya barua. Akawaita watoto.

"Kazi yangu ni kuona kama mnakuja kwa mwalimu huyu. Leo mmekuja, lakini mmekuja kwa ngoma. Mbona kusoma hamji?"

Binti wa filimbi akajibu: "Shikamoo. Kusoma kwake hakuna wa kushindana naye."

"Tunasoma, tunakaa," akadakia kijana mmoja wa Bagalu. "Tunasoma, tunakaa."

Mgeni akaeleza kwa upole kwamba hapendi mtoto aachwe peke yake mbele ya wenzake. Aliyasema vizuri, na watoto walimsikiliza vizuri, na hakuna aliyebadilika.

"Jumatatu mtakuja?" dada akauliza.

"Wao wakija, tutakuja," akasema binti.

"Na sisi, wao wakija," wakasema Bagalu.

"Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Ni ndiyo, mama," mume wangu akasema, bado ana manyoya ya mbuzi shatini. "Ila kila upande unaona aibu kuanza."

Dada akamgeukia mgeni. "Jumatatu jioni nitapiga simu. Ukumbi ukiwa na watoto, unabaki. Ukiwa mtupu, funga mizigo."

Jumapili mgeni hakula vizuri. Nilimwona akijishika kidevu, nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mawazo.

Jumatatu alasiri nilisikia kelele nikadhani ukumbi unaungua. Nikaenda mpaka mlangoni. Walikuwa wamejaa. Walikuwa wamegeuza mabenchi wenyewe, nusu yanatazama ukuta wa huku, nusu ukuta wa kule. Kwenye kila ukuta alisimama mtoto mmoja na kitabu, na wote wawili walisoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Waliobaki walikuwa wasikilizaji, nao walihama. Binti wa filimbi alisoma habari ya fisi, akawa fisi kabisa, na mabenchi ya kule yakahamia kwake. Kijana wa Bagalu akapandisha sauti, akaanza kusoma maneno ya mfalme huku anapiga debe kwa kisigino, na mabenchi yakarudi. Walikuwa wanafungua kurasa kwa hasira. Mgeni alisimama katikati, mahali pasipo na mtu, uso wake mweupe nusu ya chini, akageuka huku, akageuka kule.

Simu yake ikalia. Akaiinua juu kelele zisikike. Kisha akaiweka sikioni, na nikamwona akicheka. Baadaye alinieleza kwamba dada wa ofisini alisema "unabaki," lakini kabla ya hapo aliuliza upande upi unaongoza.

Alikuwa bado na simu sikioni zamu ya Bagalu ilipomfikia yule binti mdogo wa darasa la tatu. Akasoma neno. Akasimama. Akasoma lingine. Kule ng'ambo Bagika walikuwa wanamwua simba, na wasikilizaji wote wakainuka wakaenda kumwona akifa. Mabenchi ya huku yakabaki matupu kabisa. Binti akashusha kitabu.

Mgeni akasema kwenye simu, "Samahani, nina kazi." Akaenda akaketi benchi la mbele, peke yake, mikono magotini kama mwanafunzi.

"Endelea," akamwambia.

Binti hakuendelea mara moja. Alimtazama kwanza kama anatania. Nami miguu yangu ikanipeleka, nikaketi karibu naye, Mgika kwenye mabenchi ya Bagalu. Basi akasoma. Neno, kimya, neno. Ilikuwa habari ya kuku na tai, na mpaka sasa sijui ilikwishaje, kwa sababu zamu ilimalizika kabla hatujafika. Lakini alisoma ukurasa mzima.

Jioni, tukiwa kwenye chakula, mume wangu alitangaza kwamba kwenye zamu ile Bagalu walikuwa na wasikilizaji wawili, tena watu wazima, na mmoja wao katekwa kutoka kwa adui. Mimi nikasema mtu aliyekaa kwa huruma hahesabiwi.

"Masikio yake yalikuwa yamefungwa?" akauliza.

"Hayakufungwa."

"Basi kahesabiwa."

Mgeni muda wote alikuwa anachambua samaki. Kisha akauliza, bila kutuangalia, kama kuna kanuni yoyote inayosema mwalimu akikaa upande mmoja anahesabiwa kama mtu mmoja, au zaidi.

Mume wangu akasema zaidi. Mimi nikasema mmoja, tena kwa shida. Mgeni akasukuma sahani pembeni, akavuta kigoda karibu, akataka tumweleze kanuni zote tangu mwanzo.